Nchi za Kubuni na Hamu ya Kale: Greyhawk na Kusadikika Zionekanavyo kutoka Munkunyu

UTANGULIZI

Imekuwa desturi katika kurasa hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii tumechagua jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili huenda akalidhania la mbali: nchi ya kubuni iitwayo Greyhawk, iliyotungwa Marekani kwa ajili ya mchezo wa mezani, pamoja na wapenzi wake ambao kwa miaka mingi wameililia kama watu walilialo kijiji walichohama. Sababu yetu ni moja. Sisi tufundishao Kiswahili huku Munkunyu, kati ya Kasese na Bwera, tunayo nchi ya kubuni iliyoandikwa kwa lugha hii, nayo ni Kusadikika ya Shaaban Robert. Twaona kwamba wapenzi wa nchi ile ya Kimarekani wameijua siri ya kuhuisha mahali pasipokuwapo. Vile vile wengi wao wamenaswa na mtego ambao mwalimu hana budi kuutambua mapema. Siri hiyo na mtego huo ndiyo maudhui ya makala haya.

MCHEZO NA NCHI YAKE

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kwa umbo la vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000 tu. Gygax hakuwa profesa wala mwandishi mashuhuri. Aliwahi kufanya kazi katika shirika la bima, kisha akawa fundi viatu.

Mchezo huu hauna mshindi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao ni msimamizi, naye huieleza nchi na mambo yanayotokea humo. Kila mmoja wa waliobaki hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni: askari, mcha Mungu, mjuzi wa mizungu, mwizi. Msimamizi husema kwamba wamefika penye lango la ngome na usiku umeingia. Je, wafanya nini? Kila mchezaji hujibu kwa kinywa cha mtu wake. Jambo likiwa na shaka, kama vile kuruka shimo au kumshawishi mlinzi, hutupwa dadu, nayo huamua. Hivyo hadithi hujengwa kwa maneno ya watu waliopo, pasipo kujua itakwisha vipi.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona mara moja tofauti iliyopo baina ya jambo hili na ngano zetu. Fanani aitapo "Paukwa!" hadhira hujibu "Pakawa!" na tangu hapo hushiriki kwa kuitikia, kucheka na kuimba. Lakini haiwezi kumwokoa fisi asitumbukie kisimani. Katika mchezo wa Gygax hadhira yaweza kumwokoa, au kumsukuma mapema zaidi. Fanani na hadhira wameshika jembe moja.

Greyhawk ilianza mwaka 1972 ikiwa ngome moja yenye mapango chini yake, na wachezaji wa kwanza kuingia humo walikuwa watoto wawili wa Gygax mwenyewe. Mwaka 1980 nchi nzima ilichapishwa kwa kijitabu cha kurasa 32 pamoja na ramani kubwa ya vipande viwili, iliyochorwa na msanii aitwaye Darlene. Ramani hiyo imegawanywa kwa vyumba vya pembe sita ili msafiri ahesabu mwendo wake. Kijitabu chenyewe hakina kisa. Kila dola imepewa aya chache: mtawala wake, idadi ya watu wake, mali zake, majeshi yake na jirani anayechukiana naye. Kalenda imesimamishwa katika mwaka 576 wa nchi hiyo, na magomvi yote yameachwa pasipo suluhu.

Kifani, hapa ndipo penye nguvu ya kazi hii. Mtunzi ametandika mkeka akaondoka. Amewaachia wasomaji kazi ya kuamua nani atapigana na nani, na nani atapatana. Zaidi ya hayo, majina ya wachezaji wa mwanzo yamebaki ndani ya nchi yenyewe. Mjuzi wa mizungu aitwaye Tenser, ambaye jina lake limo katika vitabu vya mchezo, alikuwa nafsi ya mwana wa Gygax. Herufi za jina hilo ni zile za Ernest zilizopangwa upya. Mordenkainen alikuwa nafsi ya Gygax mwenyewe. Kijana wa mji mwingine aliyesoma majina hayo alikuwa akikutana, pasipo kujua, na mtoto aliyeketi mezani kwa baba yake. Hadhira imeingia katika maandishi ikafanya makao humo.

HAMU YA WAPENZI

Historia iliyofuata haikuwa njema. Gygax alipoteza uongozi wa kampuni yake mwaka 1985, akaiacha kabisa baadaye. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilitoa kitabu kilichoigeuza ngome ya Greyhawk kuwa dhihaka tupu. Mwaka 1992 ilitolewa Greyhawk nyingine iliyokwisha kuteketezwa na vita, na baadaye uchapishaji wake ukasimamishwa. Wapenzi hawakukubali. Mwaka 1995 walianzisha jarida lao wenyewe, *Oerth Journal*, wakaendelea kuandika habari za nchi ambayo wenye mali walikuwa wameitupa. Kampuni ya Wizards of the Coast ilipoinunua ile ya kwanza mwaka 1997, nchi ilifufuliwa. Kati ya mwaka 2000 na 2008 pakawa na mchezo mmoja mkubwa ulioitwa Living Greyhawk, ambamo majimbo ya Marekani na mataifa mengine yaligawiwa kila moja sehemu yake ya ramani, ili wachezaji wa huko waitunge na kuitunza. Gygax alifariki tarehe 4 Machi 2008. Mwaka 2024, mchezo ulipotimiza miaka 50, kitabu kipya cha msimamizi kilichagua Greyhawk kuwa nchi ya mfano, katika sura iliyofanana na ile ya vitabu vya mwanzo.

Tukiwatazama wapenzi hawa kwa jicho la mhakiki, twaona mapenzi ya namna mbili. Wako wanaotaka mwaka 576 usipite kamwe. Kwao kila kilichoongezwa baada ya vitabu vya mwanzo ni unajisi, na ramani ya Darlene ni hati takatifu ya kuhifadhiwa isichorwe hata nukta. Na wako waliochukua kijimbo kimoja cha nchi hiyo wakakilima: wakazua vijiji, wakaoza na kuzika, wakatunga vita na mapatano.

Hatuwadharau wale wa kwanza. Mtu mzima anayeitazama ramani aliyoitazama akiwa na miaka kumi na miwili anatafuta jambo la kweli. Lakini twadhani wamelikosea jina lake. Nchi haikupotea, maana kitabu kipo na ramani ipo. Kilichopotea ni meza: wale rafiki wanne waliotawanyika na ile jioni iliyokuwa ndefu. Hamu ya kale, isipochunguzwa, humfanya mtu ailinde karatasi akidhani anailinda jioni ile. Ndiyo maana twasema kwamba wapenzi wa namna ya pili ndio waaminifu zaidi kwa Gygax, ingawa hubadili maneno yake. Kwa kuwa yeye hakuacha kisa cha kukariri, aliacha mahali pa kukutania.

DOSARI YA RAMANI

Haki yataka tuseme pia kasoro. Nchi hii imetungwa kwa mfano wa Ulaya ya zama za kati, yenye wafalme, ngome na askari wa farasi. Ukiteremka kusini mwa ramani wafika kwenye misitu ya joto, Amedio na Hepmonaland, na hapo kalamu ya mtunzi yanyauka. Dola za kaskazini zina watawala wenye majina na hazina zilizohesabiwa. Misitu ya kusini ina mistari michache juu ya makabila ya mwituni na hatari zake.

Sisi wa chini ya Ruwenzori twaijua hali ya kuwekwa pembeni mwa ramani ya mwingine. Karne ya pili baada ya Kristo, Ptolemy wa Alexandria aliandika juu ya Milima ya Mwezi iliyo chanzo cha Mto Nile, na wazungu wa karne ya 19 waliposikia habari za theluji yetu walitwisha mlima huu jina hilo. Kwa muda mrefu wa historia yao, hapa petu palikuwa nchi ya kubuni ya watu wengine. Walioishi hapa, wakilima mitelemko na kuchukua chumvi ya Katwe kwenda kuiuza, hawakuulizwa wanapaitaje. Kwa hiyo dosari ya Greyhawk si jambo dogo la kupita. Yatukumbusha kwamba anayeshika kalamu ya ramani ndiye aamuaye nani awe na jina.

KUSADIKIKA NA MWANAFUNZI WETU

Sasa tugeukie nchi ya kwetu. *Kusadikika* ilichapishwa mwaka 1951. Mwandishi, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, anatueleza nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote za dunia, na hata mbinguni na ardhini, kutafuta mema ya kuifaa nchi yao. Nao waliporudi walilipwa mateso badala ya shukrani. Mwisho wake Karama anaachiliwa.

Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha kwamba kitabu hiki kiliandikwa chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba kuitundika nchi angani kulimwezesha mwandishi kusema juu ya dhuluma jambo ambalo asingeweza kulisema akiitaja Tanganyika. Hiyo ndiyo kazi kuu ya nchi ya kubuni. Yampa mtu pa kusimama aseme kweli ambayo nyumbani haina kiti.

Lakini je, nchi hii inaishi vipi darasani? Kwa kawaida mwanafunzi huulizwa amtaje mhusika mkuu, aeleze dhamira tatu, atoe mifano ya tashibihi. Akijibu vyema hupata alama, kisha hufunga kitabu. Walimu nao huipenda Kusadikika kwa mapenzi yale ya namna ya kwanza: hutamani Kiswahili fasaha cha miaka ile, husikitika kwamba vijana hawaandiki tena hivyo, na hukiweka kitabu mahali pa juu pasipofikiwa na mkono. Nchi iliyotungwa ili watu waseme imekuwa nchi ya kunyamazia.

Katika Uganda hasara ya jambo hili ni kubwa kuliko kwingine. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin mwaka 1973, na kwa sababu hiyo wazee wengi walikisikia katika vinywa vya wenye bunduki. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Huku kwetu mtoto wa Munkunyu anakisikia zaidi katika soko la Mpondwe, mpakani, ambako wachuuzi wa upande wa Kasindi hukitumia kupatana bei. Basi anacho Kiswahili cha bei na Kiswahili cha amri. Kiswahili cha kuotea ndoto hana. Hapana lugha ipendwayo na mtoto ambaye hajapata kuwa mtu fulani ndani yake.

MAHALI PA KUSEMEA

Liko jambo jingine, nasi twalitaja kwa uangalifu. Katika wilaya ya Kasese hamu ya nchi si jambo la mchezo. Harakati za Rwenzururu zilizoanza mwaka 1962 zilidumu miaka 20 mpaka mapatano ya mwaka 1982, na ufalme wenyewe ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Mnamo Novemba 2016 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika mji wa Kasese, majeshi yalipoishambulia ikulu ya ufalme. Watoto wa waliofiwa wamo madarasani, na wengine huketi dawati moja na wale ambao wazazi wao waliyaona mambo hayo kwa jicho lingine. Wakonzo, Wasongora, Wanyabindi na Watooro wote wanao watoto wao katika shule za wilaya hii. Mwalimu hathubutu kuuliza darasani nani alikuwa na haki, wala hatushauri athubutu.

Hata hivyo watoto hao wanahitaji kujifunza kusema juu ya haki. Wanahitaji kumsikia mshtakiwa mpaka amalize, kumjibu mwenye nguvu kwa hoja, na kukubali hukumu isiyowapendeza. Hapa ndipo tunapoona thamani ya nchi isiyo ya mtu yeyote, ikisemwa kwa lugha isiyo ya kabila lolote kati ya hayo. Huko Kusadikika hakuna Mkonzo wala Msongora. Kuna Karama na Majivuno, na baraza lililojaa watu wanaosubiri kusikia.

PENDEKEZO

Twapendekeza, basi, kwamba siri ya wale wachezaji wa Lake Geneva iletwe katika somo la fasihi. Haihitaji kununua vitabu vyao, ambavyo ni ghali na vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu na awe msimamizi. Mwanafunzi mmoja awe Karama, mwingine Majivuno, wengine sita wawe wajumbe, na darasa lililobaki liwe baraza. Shaaban Robert amesimulia safari za wajumbe kwa ufupi, na kati ya kuondoka na kurejea pana nafasi nyingi. Mjumbe aulizwe: umefika mtoni, daraja limechukuliwa na mafuriko, na mzee wa ng'ambo hakuamini, utamwambia nini? Mtoto wa hapa aliyeuona mto Nyamugasani ulivyofurika mwezi wa Mei 2020 hatakosa la kusema. Pakiwa na shaka, zitupwe punje tano za mahindi zilizopakwa wino upande mmoja; zikilala nyingi kwa upande wa wino, jambo limefaulu. Punje hizo zatosha kuwa dadu.

Ramani ichorwe na wanafunzi wenyewe, na kila kundi lipewe sehemu yake ya kuitaja majina, kama walivyogawiwa wapenzi wa Greyhawk. Hapo hapatakuwa na pembe ya washenzi wasio na jina, maana kila pembe itakuwa na mwenyewe. Sharti moja tu liwe kali: anayesema katika nafsi ya mtu wake aseme Kiswahili, chema au kibovu, na asikatizwe kusahihishwa mpaka zamu yake iishe.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Wengine watasema kwamba kuongeza maneno katika kazi ya Shaaban Robert ni kumkosea adabu. Twajibu kwamba fasihi ya Kiswahili imekua kwa kujibizana. Washairi wa Mombasa na Lamu walijibiana kwa tungo, na Mathias Mnyampala aliupa ushairi wa majibizano sura ya ngonjera zilizotongolewa na wanafunzi katika shule za Tanzania. Kumjibu mshairi ni kumheshimu. Wengine, hasa wazazi wacha Mungu, huenda wakaogopa uchawi. Hofu hiyo ilikuwako Marekani pia miaka ya 1980, mchezo ulipodaiwa kuwa njia ya shetani. Dawa ni uwazi: mzazi aalikwe aketi barazani asikilize. Atasikia kesi ikisikilizwa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba Greyhawk imedumu kwa sababu mtunzi wake aliiacha wazi, na wachezaji wakaingia na majina yao. Tumeona pia kwamba hamu ya kale yaweza kuifunga nchi hiyo hiyo, ikawa sanduku la kutazamwa. Kusadikika nayo imesimama penye njia panda ya namna hiyo. Ndugu walimu, kitabu hiki kilimpa Karama nafasi ya kusema mpaka mwisho mbele ya mtu aliyetaka afe. Katika wilaya yenye mambo mengi yasiyosemeka, watoto wetu wanastahili nafasi hiyo hiyo, nasi hatuoni mahali palipo tayari zaidi kuwapa kuliko darasa la Kiswahili.